"Nilikunywa, Nikapona": Kwa Nini Hata Shuhuda Elfu Hazijatosha

Kila baada ya wiki mbili tatu inapita klipu moja hivi kwenye magrupu ya WhatsApp. Mama kakaa kwenye kochi, mkononi kopo la unga wa majani, anasimulia alivyoteseka na sukari miaka na miaka, miguu inawaka moto, macho yameanza kuingia ukungu, kisha akaelekezwa huo unga, akanywa asubuhi na jioni, kaenda kupima sukari imeshuka hadi tano. Chini kuna namba ya simu na bei. Basi grupu linagawanyika, hawa wanasema matapeli hao, wale wanasema mbona shangazi yangu katumia na kapona kweli, na mwishoni lazima atokee mmoja wa kufunga mjadala: "hata Babu wa Loliondo si mlisema hivyohivyo."

Mimi naona pande zote mbili zimeshika pasipo penyewe. Zinabishana kama yule mama ni mwongo au mkweli. Sasa tuchukulie ni mkweli kabisa, hajalipwa hata senti, sukari yake ilikuwa juu kweli na imeshuka kweli. Bado hatujajua kama ule unga unafanya kazi. Hapo ndo wengi wanapotea, kwa hiyo twende taratibu.

Maneno matatu kwanza ili tusigombane baadaye. Ushuhuda, nikiutaja hapa, ni mtu kusimulia yaliyomkuta yeye: nilikuwa hivi, nikafanya hivi, nikawa hivi. Ushahidi wa dawa ni jibu la swali moja gumu, je, bila hiyo dawa ingekuwaje? Na kundi la kulinganisha ni wagonjwa wanaofanana na waliopewa dawa, umri uleule, ugonjwa uleule, hali ileile, ila wao hawakupewa. Mtu mmoja hawezi kujilinganisha na nafsi yake maana huwezi kunywa na usinywe kwa wakati mmoja. Ugumu wote uko hapo.

Sasa Loliondo, kwa wadogo zetu ambao hawakuishuhudia. Mwanzoni mwa 2011 mchungaji mstaafu wa KKKT, yaani kanisa la Kilutheri Tanzania, Ambilikile Mwasapile, aliyekuwa anaishi kijiji cha Samunge huko Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, alisema Mungu amemwotesha dawa. Mizizi ya mti unaoitwa mugariga inachemshwa kwenye masufuria makubwa, unapewa kikombe kimoja cha plastiki kwa shilingi 500, unakunywa mara moja, dozi imeisha. Ukimwi, kansa, sukari, presha, vyote humohumo. Ndani ya wiki chache barabara ya vumbi kuelekea kule ikajaa mabasi, Noah, Land Cruiser na malori, watu wakitoka Kenya, Uganda na mbali zaidi, wenye hela zao wakaenda kwa helikopta, na mawaziri nao wakaonekana wameshika kikombe. Mwezi wa tatu foleni ya magari ilipita kilometa 20, na vyombo vya habari viliripoti watu zaidi ya 50 kufa wakiwa wanasubiri zamu yao, maana ndugu walikuwa wanawatoa wagonjwa mahututi wodini na kuwapakia kwenye gari, hadi Babu mwenyewe akaomba watu wapya wasije kwanza mpaka waliopo wapungue. Mara vikombe vingine vikaota mikoani, Tabora huko, Mbeya huko, kila mtu kaoteshwa.

Na shuhuda zilikuwa nyingi mno. Mtu alikuwa hatembei kashuka kwenye gari kwa miguu yake. Mtu kapima presha karudi iko sawa. Mimi siamini hao wote walikuwa wanaigiza, na pia siamini Babu alikuwa tapeli wa kawaida, tapeli gani anatoza mia tano wakati mtu yuko tayari kulipa laki tano? Lakini ukweli wa moyo wa mtu haugeuki kuwa dawa. Mtu anaweza kuwa mkweli kabisa na bado akawa amekosea kuhusu kilichomponya, na kuna njia kadhaa za kukosea hivyo bila hata kuwa mjinga.

Ya kwanza ni siku uliyoamua kwenda. Hamna anayefunga safari ya siku tatu za vumbi akiwa anajisikia vizuri, watu wanaenda pale hali ilipofika pabaya kuliko kawaida yake. Magonjwa mengi yanapanda na kushuka yenyewe: mgongo unabana wiki hii, wiki ijayo unaachia, pumu ina misimu yake, presha ukipima asubuhi na ukipima jioni ni namba mbili tofauti, na ile ya kwanza hospitali mara nyingi inakuwa juu kwa sababu ya woga tu. Ukichukua watu elfu walio kwenye siku zao mbaya kabisa, usiwape chochote, ukawapima tena baada ya wiki mbili, wengi watakuwa na nafuu. Ukiwapa kikombe, nafuu yote hiyo inaandikwa jina la kikombe.

Halafu kuna yale mengine yaliyotokea safarini. Mgonjwa wa sukari amekaa kwenye foleni siku mbili tatu, anakula kidogo, soda hamna, anatembea huku na huku. Sukari lazima ishuke, bwana. Mwingine alikuwa anameza vidonge vyake vya presha huku kavificha kwenye mkoba maana anaona aibu kuonekana hana imani. Yule mama wa kwenye klipu naye, sikiliza vizuri, katikati kuna sentensi moja inapita haraka: "na nikaacha soda na ugali wa usiku." Hiyo sentensi ndo dawa yenyewe pengine, ila haiuziki kwenye kopo.

Njia ya tatu ndo inayoua, na ni tofauti kati ya kujisikia vizuri na kupona. Chukua mtu mwenye virusi vya Ukimwi anayetumia ARV, vile vidonge vya kuvidhibiti, kanywa kikombe, kaacha dawa. Wiki za mwanzo anaweza kujisikia vizuri kuliko zamani, kwa sababu yale maudhi madogomadogo ya vidonge, kichefuchefu, ndoto za ajabu, yameisha, na moyo umejaa matumaini. Akienda kutoa ushuhuda muda huo anasema kweli tupu. Wakati huohuo ndani ya damu virusi vimeshaanza kuzaliana upya, inachukua wiki chache tu kwa wengi, ila mwili unaweza kukaa miezi, hata zaidi, kabla hajaanza kuumwa. Klipu ilirekodiwa mwezi wa kwanza. Mwezi wa kumi na nane hakuna mwenye kamera. Na siku hizi kuna mkanganyiko mwingine, mtu anaambiwa kliniki kwamba virusi vyake "havionekani" anadhani vimekwisha, na kama wiki hiyo alikuwa anakunywa mizizi basi mizizi imepata sifa ambayo ni ya vidonge. Havionekani maana yake vimekuwa vichache mno mashine haivihesabu, ukiacha dawa vinarudi.

Hapo tunafika kwenye jambo ambalo mimi naona ndo kubwa kuliko yote: nani anabaki wa kusimulia. Fikiria wale wa kubeti. Mkeka, yaani tiketi ya mechi alizobashiri, ukitiki mtu anapiga skrinshoti anaweka status, laki nane hiyo, milioni mbili hiyo, wiki nzima unaona ushindi tu kwenye simu yako. Mikeka iliyochanika haiwekwi popote. Ukihesabu kwa status za watu unaweza kuapa kwamba kubeti kunalipa, wakati kila mkeka ulioona ulikuwa wa kweli, hakuna aliyeedit kitu. Loliondo ilikuwa vilevile. Aliyepona alirudi kijijini kanisani akasimama mbele akashuhudia. Aliyekufa miezi sita baadaye alizikwa, na kwenye msiba nani atanyanyuka aseme marehemu alikunywa kikombe? Wale waliofia kwenye foleni hata hawahesabiki kama walioshindwa na dawa, maana hawakuwahi kuinywa. Kwa hiyo ukikusanya shuhuda elfu kumi umekusanya mikeka iliyotiki elfu kumi, na huna namba ya iliyochanika. Kuongeza shuhuda hakusaidii hata kidogo kama njia ya kuzikusanya ndo hiyohiyo.

Watu wakishafika hapa wanauliza, mbona serikali iliipima? Iliipima kweli, na wataalamu wakatangaza mugariga ni salama kwa matumizi ya binadamu. Watu wakasikia "inatibu." Salama ni jibu la swali la kama itakudhuru kwa kiasi kile cha kikombe kimoja. Maji ya kunywa ni salama, chai ya rangi ni salama, hakuna anayedai vinaondoa kansa. Ukiona tangazo limeandika "imethibitishwa" au "imesajiliwa," uliza imethibitishwa nini, maana mara nyingi ni kwamba haina sumu, au hata ni jina la biashara tu ndo limesajiliwa.

Na lile la wakubwa walienda. Waziri akiumwa ni mgonjwa kama wewe, hofu yake ni ileile, hana mashine kichwani ya kujua mzizi upi unatibu. Kwenda kwake kunakuambia kitu kuhusu yeye, pengine na kuhusu kura.

Kuna sharti moja la Babu ambalo watu walilipita haraka. Alisema dawa inafanya kazi ikitoka mkononi mwake tu, ukichemsha mugariga nyumbani kwako haitafanya kitu. Kiimani sina ugomvi nalo, kila mtu na imani yake. Ila angalia linafanya nini kwenye upimaji: mtafiti akichukua mizizi ileile, akampa mgonjwa, asipone, jibu lipo tayari, haikutoka kwa Babu. Na aliyekunywa pale Samunge asipone? Hakuwa na imani ya kutosha. Dai ambalo kila matokeo yanaliunga mkono, mtu akipona limeshinda, mtu akifa limeshinda, hilo halikuambii chochote kuhusu kesho. Wanasiasa wanalipenda sana dai la namna hii. Uchumi ukipanda ni sera zetu, ukishuka ni wahujumu.

Sasa basi inapimwaje ipasavyo? Nitatoa mfano mmoja wa zamani na mmoja wa kwetu.

Kabla ya miaka ya 1940 kifua kikuu hakikuwa na dawa, unalazwa kitandani, unapata hewa safi, unasubiri. Ikaja streptomycin kutoka Marekani, Uingereza ikapata kidogo tu baada ya vita, haiwatoshi wagonjwa wote. Kwa kuwa haiwatoshi, watafiti wakaamua mgao uwe wa bahati nasibu: wagonjwa 107, majina ya makundi yamefungwa ndani ya bahasha, 55 wakapata dawa pamoja na kulazwa, 52 wakalazwa tu. Bahati nasibu ndo moyo wa jambo hili kwa sababu daktari akiachiwa achague mwenyewe atawapa dawa wale anaoona watapona, hata bila kukusudia, halafu dawa itaonekana nzuri bure. Waliosoma picha za eksirei hawakuambiwa ipi ni ya nani. Ripoti ilitoka 1948. Baada ya miezi sita, kwenye kundi la dawa walikuwa wamekufa 4, kwenye kundi la kulazwa tu 14.

Ila mimi ninachokipenda zaidi kwenye ripoti ile ni namba ndogo. Kwenye kundi ambalo halikupata dawa kabisa, watu 4 walipata nafuu kubwa, mapafu yao kwenye picha yakaonekana yamebadilika sana. Hao wanne wangekuwa wamekunywa mugariga, au mwarobaini, au maji ya upako, tungekuwa na klipu nne za nguvu. Na upande wa pili, wale 4 waliokufa huku wanachomwa dawa iliyo ya kweli, ndugu zao wangekuwa na haki kabisa ya kusema ile sindano imemuua mtu wetu. Shuhuda zote hizo nane ni za kweli na zote zinadanganya kuhusu dawa. Ni pale tu ulipoweka 4 pembeni ya 14 ndo unaona kitu.

Mfano wa kwetu wengi hawaujui, na unaniudhi kidogo kwamba hatufundishwi shuleni. Zamani matibabu ya TB yalikuwa mwaka mmoja na nusu, watu wanachoka, wanaacha katikati. Leo ni miezi sita kwa TB ya kawaida, na msingi wa miezi hiyo sita umejengwa na wagonjwa wa hapahapa, Kenya, Uganda, Tanzania pamoja na Zambia, kwenye majaribio yaliyofanywa na watafiti wa Afrika Mashariki na wa Uingereza, matokeo yakachapishwa 1972. Waligawanywa kwa bahati nasibu kwenye michanganyiko tofauti ya dawa kwa miezi sita. Mwisho wa miezi hiyo karibu makundi yote yalionekana yamefanya vizuri, makohozi safi, watu wamenenepa. Ungeita kamera siku hiyo, kila kundi lingekupa shuhuda za kutosha. Wao hawakuishia pale, waliendelea kuwafuatilia, na ndo tofauti ikajitokeza: waliopata streptomycin na isoniazid peke yake, karibu watatu kati ya kila kumi ugonjwa uliwarudia, wakati walioongezewa rifampicin uliwarudia wachache sana, wawili watatu kati ya mia. Ile subira ya kuwafuatilia ndo imempunguzia mgonjwa wa leo mwaka mzima wa kumeza dawa.

Hapa lazima nijibu lile la "mnadharau dawa za asili." Hapana. Dawa mseto ya malaria unayopewa zahanati ina kitu kinachotokana na mmea, pakanga, ambao Wachina walikuwa wanautumia kwa homa tangu zamani sana. Tu Youyou, aliyepewa Nobel 2015 kwa kazi hiyo, alianza kwa kusoma vitabu vya kale vya waganga wa kwao. Alipojaribu matokeo yalikuwa yanayumba, leo inafanya kazi kesho haifanyi, mpaka aliporudi kwenye maandishi ya zamani akakuta maelekezo ya kuloweka majani kwenye maji na kuyakamua, hakuna kuchemsha, akahisi ni joto ndo linaharibu nguvu yake, akabadilisha njia, ikakubali. Angeridhika na shuhuda za mababu angebaki na chai ya majani inayosaidia mara moja moja. Heshima kwa mtishamba ni kuupima kwa ukali uleule tunaoupimia kidonge cha kiwandani, na kiwandani nako wapo wanaoficha mikeka iliyochanika, makampuni ya dawa yameshakamatwa yakichapisha majaribio yaliyofaulu na kuyafungia kabatini yaliyofeli, ndo maana siku hizi jaribio linatakiwa lisajiliwe kabla halijaanza.

Ukishazoea hili swali la "bila hiyo ingekuwaje," utaanza kulisikia likikosekana kila mahali. Mwezi wa tano kiongozi anatangaza hatua kali dhidi ya walanguzi, mwezi wa saba bei ya mahindi imeshuka, makofi. Mwezi wa saba ni mavuno, bei ingeshuka hata kama angetangaza mashindano ya bao. Linganisha na miaka mingine miezi hiyohiyo, linganisha na nchi jirani, ndo useme. Shule ya bweni inajisifu wanafunzi wake wote wamepata daraja la kwanza: iliwachukua wakiwa na maksi gani, na wangapi iliwatoa kidato cha tatu kabla ya mtihani? Semina ya ujasiriamali inaleta jukwaani vijana watano waliotoboa, wengine waliolipa kiingilio kilekile wako wapi? Halafu na huku kwetu tunaojiona wajanja, "tangu waje hawa madarakani mambo yameharibika" nayo inahitaji kupimwa vilevile, kuna vitu vilikuwa vimeshaanza kuharibika kabla yao. Hili halipendwi, kila upande unataka ukali uende ng'ambo tu.

Babu alifariki Julai 2021, na mpaka leo ukitaja jina lake kwenye daladala utapata mtu wa kuapa kwamba alimponya na mtu wa kuapa kwamba alimzikia ndugu. Kilichotakiwa kuwamaliza ubishi kilikuwa kidogo sana mwaka ule: watu mia kadhaa wa foleni ile, wapimwe kabla ya kunywa, majina na namba za simu ziandikwe, watafutwe wote baada ya mwaka, wazima na waliokufa, na kundi lingine la wagonjwa kama wao wasiokunywa wafuatiliwe hivyohivyo. Foleni yenyewe ilikuwa ya kilometa 20, watu wana siku tatu za kukaa bila kazi.

Kwa anayesoma haya huku kopo la unga liko mezani na ameshaamua atakunywa, sikuzuii. Usiache tu dawa zako za kliniki, iwe CTC, kliniki ya wenye virusi vya Ukimwi, iwe kliniki ya sukari au presha. Mwambie daktari unakunywa nini, kipeleke hata kwenye kifuko akione, kwa sababu baadhi ya mitishamba inapunguza au kuongeza nguvu ya vidonge na mingine inaumiza ini na figo. Sukari yako ipime kwa saa ileile kila siku kuanzia wiki moja kabla ya kufungua kopo, uandike kwenye daftari pamoja na ulichokula, uendelee hivyo miezi mitatu, na usibadilishe kitu kingine. Na huyo muuzaji umuulize ana namba za simu za wateja wangapi wa mwaka jana, sio wale watano wa kwenye klipu.